C+ ya binti wa visiwani: uchambuzi wa kisa cha mpango wa masomo ya ziada katika shule ya kutwa, Lamu

Kisa kwa ufupi

Binti mmoja wa shule ya upili ya umma katika visiwa vya Lamu alifanya KCSE (mtihani wa taifa wa kidato cha nne) ya 2023 akapata jumla ya alama 47, yaani C+, kiwango cha chini kinachomruhusu mwanafunzi wa Kenya kuingia chuo kikuu. Alitaka kuwa muuguzi. C+ hiyo haikumwezesha kusomea digrii ya uuguzi, na nusura imkoseshe hata diploma aliyokuwa amehitimu kuisomea. Mvulana wa darasa lake aliyemzidi kwa alama hakuingia chuo chochote mwaka ule. Wote wawili walikuwa katika mpango mmoja wa masomo ya ziada, chini ya walimu wale wale.

Nilikuwa mmoja wa walioratibu mpango huo. Ninakieleza kisa hiki kwa walimu, wazazi na vikundi vya wahitimu wanaotaka kuanzisha mipango kama huu katika shule za kutwa za Pwani. Shule, kijiji na watu hawatajwi, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yameondolewa.

Shule na darasa lenyewe

Ni shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, yenye mkondo mmoja, yaani darasa moja kwa kila kidato. Baba za wanafunzi wengi ni wavuvi. Mama zao huuza mahamri, husuka makuti, au huendesha viduka vya nyumbani. Serikali hulipa ruzuku ya shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na pesa hiyo ndiyo inayoiendesha shule karibu yote. Walimu wa TSC (tume ya serikali inayoajiri walimu) huja na kuhama. Posho ya mazingira magumu ipo, lakini mwalimu kijana kutoka bara akishavuka bahari ya kusi mara mbili tatu huanza kuandika barua ya uhamisho. Mapengo huzibwa na walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule, wengi wao vijana wa kijijini waliomaliza kidato cha nne au wanaongojea nafasi za vyuo.

Darasa hili lilikuwa na msiba wake. Waliingia kidato cha kwanza Januari 2020, na Machi shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Waliporudi Januari 2021 kalenda ilikuwa imebanwa: kidato cha pili kilianza Julai 2021 kikaisha Machi 2022, na cha tatu kikaanza Aprili kikamalizika Novemba. Watoto wa mijini waliokuwa na simu na vocha walisoma kidogo nyumbani. Hawa wa visiwani, wavulana waliingia baharini na wasichana wakawa wasaidizi wa mama zao. Msingi wa Hisabati wa kidato cha kwanza, unaobeba kila kitu kinachofuata, ulipita juu ya vichwa vyao.

Jambo la pili lilitokea kimya kimya. Mwisho wa kidato cha pili ndipo wanafunzi walipokuwa wakichagua masomo. Mwalimu wa Fizikia alikuwa amehama na hakuna aliyekuja mahali pake, kwa hivyo darasa zima likaachana na Fizikia. Hakuna aliyeitwa kuelezwa kwamba hapo kuna milango inayofungwa. Binti akabaki na masomo manane: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Baiolojia, Kemia, Historia, IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) na Biashara. Matokeo yake ya kidato cha pili yalikuwa D+, Hisabati ikiwa na E.

Mpango ulivyoanza

Wahitimu wa shule waishio Mombasa na Amu (mji wa Lamu) walichanga pesa za kuanzisha prepu ya jioni. Nia ilikuwa moja tu: kupandisha wastani wa shule. Walioahidi kufundisha ni walimu wawili wa TSC, walimu wa BOM, na wanafunzi wa vyuo vikuu walipokuwa nyumbani likizoni.

Prepu ya jioni haikudumu. Wavulana walikuja, wasichana walikuja juma la kwanza kisha wakapungua hadi wakabaki wachache wanaokaa nyuma ya shule. Wazazi hawakukataa kwa maneno. Hapana mzazi wa kisiwani atakayemwambia mwalimu usoni kwamba hataki mwanawe asome. Ila binti akitoka shuleni baada ya Isha, atembee njia ya mchangani gizani, hilo mama hawezi kulilala.

Mwalimu mlezi wa wasichana akaenda kwa ustadhi wa madrasa. Uamuzi waliofikia wao wawili, kwa maoni yangu, ndio uliouokoa mpango: masomo yahamishwe alfajiri, na wasichana wasomee katika vyumba vya madrasa, mita chache kutoka nyumbani kwao. Mtu akishasali Alfajiri tayari yuko macho, njia zina watu, na ustadhi mwenyewe yupo. Wakaanza saa kumi na moja na nusu hadi saa moja asubuhi. Mwezi wa Ramadhani muda ulisogezwa kwa makubaliano na wazazi. Siku za mwisho wa juma, ambapo madrasa ina darasa zake, hapakuwa na masomo ya ziada kabisa. Baadhi ya wafadhili walinung'unika kwamba Jumamosi inapotea. Jibu la mwalimu mlezi lilikuwa kwamba Jumamosi ile ndiyo kodi ya chumba, na nyumba hailaliwi bila kodi.

Uamuzi mwingine uliotokea kuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana ni chai. Watoto waliokuja alfajiri walikaa hadi adhuhuri bila kitu tumboni. Mpango ukampa mama mmoja jirani pesa za unga, sukari na mafuta, akawa anapika chai na mahamri. Tangu hapo rejista ikatulia.

Kazi ya masomo: wapi nguvu zielekezwe

Mwaka wa kwanza, ule wa kidato cha tatu, kila somo lilirudiwa kwa usawa. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulionyesha kila mtu amepanda kidogo na hakuna aliyefika popote. Hapo walimu wakakaa na kufanya kitu ambacho shule nyingi hazifanyi: walichukua karatasi za mtihani wa taifa zenyewe wakaangalia alama ziko wapi.

Kwa Hisabati, kila karatasi ina alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50. Sehemu ya pili humtaka mtahiniwa ajibu maswali 5 kati ya 8, kila moja alama 10. Maswali mengi ya sehemu ya kwanza yanatokana na mada za kidato cha kwanza na cha pili, zile zile ambazo korona ilizila. Basi kwa wanafunzi waliokuwa na E, walimu waliacha kukimbizana na mada za kidato cha nne baada ya darasa la kawaida. Alfajiri yao ikawa ni sehemu ya kwanza peke yake: sehemu (akisami) na desimali, milinganyo sahili, asilimia, viwango vya kubadilishia fedha, pembe. Ni kazi isiyo na sifa. Mwanafunzi wa kidato cha nne huona aibu kurudi kwenye sehemu na desimali, na mwalimu aliyesimamia somo hili, kijana wa BOM asiye na shahada, alijua kuwaondolea aibu hiyo. Nimewaona walimu wenye shahada mbili wasioweza.

Kemia ilikuwa na kasoro ya aina nyingine. Karatasi ya tatu ni ya vitendo na ina alama 40. Wanafunzi hawa walikuwa hawajawahi kushika bureti, kifaa cha kupimia vimiminika. Miaka iliyotangulia watahiniwa waliiona mara ya kwanza siku ya mtihani, na mtu anayeshika kifaa kwa mara ya kwanza huku saa inahesabu hawezi kusoma kipimo kwa utulivu. Mpango ukaazima bureti, pipeti na kemikali kutoka shule jirani yenye maabara. Vifaa vilivuka kwa boti ndani ya kasha la samaki lililosafishwa na kujazwa mataulo. Kwa wiki chache za muhula wa pili, darasa lilirudia jaribio la kupima asidi mpaka mikono ikazoea.

Kiswahili na IRE havikuhitaji msukumo mkubwa. Kiingereza kilihitaji sana, na hakikupata.

Katika kipindi hicho hicho mwalimu mlezi alimuuliza kila mtahiniwa swali moja: unataka kwenda kusomea nini? Kisha akafungua masharti ya kozi hiyo mbele yake. Binti akasema uuguzi. Alieleza kwamba jirani yao aliposhikwa na uchungu usiku wa kusi, ilibidi wangojee maji yajae ndipo boti ipite mlango wa bahari wa Mkanda kwenda hospitali ya Amu. Digrii ya uuguzi hutaka C+ katika Baiolojia, katika Kemia, katika Kiingereza au Kiswahili, na katika Hisabati au Fizikia. Fizikia alikwisha kuiacha. Hisabati yake ilikuwa E. Njia hiyo, kwa muda uliobaki, ilikuwa imezibika, na mwalimu alimwambia hivyo bila kuzunguka. Diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ilikuwa wazi zaidi: wastani wa C, Baiolojia C, Kiingereza au Kiswahili C, na C- katika somo mojawapo kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati.

Mpango wake ukapangwa kuanzia hapo kurudi nyuma. Baiolojia isishuke. Kemia ifike C-, kwa sababu Hisabati haitafika. Hisabati itoke kwenye E ili isiburure wastani. Kila asubuhi alijua anasoma nini na kwa sababu gani. Sidhani kuna zana ya kufundishia inayolishinda hilo.

Karatasi

Mwalimu wa darasa alikuwa ameshawahi kuona mtahiniwa akikwama kwa sababu jina la kwenye cheti cha KCSE halilingani na la cheti cha kuzaliwa. Visiwani mtoto anaweza kuitwa jina la nyumbani, akaandikishwa shule kwa jina la babu, na cheti cha kuzaliwa kikatolewa kwa jina la tatu. Kabla ya usajili wa KNEC (baraza la mitihani la taifa) alimtaka kila mwanafunzi alete cheti, akalinganisha herufi kwa herufi. Majina kadhaa yalirekebishwa. Cha binti kilikuwa sawa. Cha yule mvulana hakikuwepo kabisa. Kilitafutwa na kikapatikana kabla ya usajili kufungwa.

Kitambulisho cha taifa hakikuwa katika orodha ya mwalimu. Hilo litarudi mbele.

Januari hadi Septemba 2024

Matokeo yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kutumia kanuni mpya ya kukokotoa wastani: Hisabati, lugha moja, na masomo matano mengine yaliyofanywa vizuri zaidi. Kanuni ya zamani ililazimisha Kiingereza na Kiswahili vyote viwili, Hisabati, sayansi mbili, somo moja la jamii na jingine moja. Nchini kote watahiniwa 201,133 walipata C+ na zaidi.

Binti alipata IRE B+, Kiswahili B, Baiolojia C+, Historia C+, Biashara C, Kemia C-, Kiingereza D+ na Hisabati D. Kwa kanuni mpya Kiingereza kiliachwa nje, na herufi nyingine zikahesabiwa kwa alama: 10, 9, 7, 7, 6, 5 na 3, jumla 47. C+ huanzia 46. Kwa kanuni ya zamani Kiingereza kingeingia na Biashara ingetoka, jumla ingekuwa 45, nayo ni C.

Kijiji kilishangilia, na haki yake. Ila kuanzia siku ile mpango haukuwa na kazi tena. Pesa zilikuwa zimepangwa hadi mtihani. Wanafunzi wa vyuo waliokuwa wakifundisha walirudi vyuoni. Mwalimu mlezi alikuwa na darasa jipya la kidato cha nne. Hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la miezi iliyofuata.

Pengo hilo likajazwa na jamaa. Ami wa binti, aishiye Mombasa na mtu mwema aliyelipia mengi katika nyumba ile, aliomba namba ya mtihani na ya cheti cha kuzaliwa ili amjazie kwa simu fomu ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Mfumo ukakataa digrii ya uuguzi. Akachagua digrii nyingine ambazo mfumo ulizikubali, katika vyuo vya mbali, moja ikiwa ya fani ambayo binti hakuwahi kuisikia. Diploma hakuiweka. Kwake C+ ilikuwa digrii, basi.

Mwalimu mlezi alipata habari kwa bahati, alipokutana na mama mtu kwenye maulidi. Kipindi cha kurekebisha machaguo kilikuwa bado wazi. Kikao kikawekwa nyumbani: baba, mama, ami kwa simu, ustadhi na mwalimu. Binti mwenyewe alikuwepo kwa sharti la mwalimu.

Ami alisema lililo moyoni mwa wengi: "Mtoto amepata chuo kikuu, nyinyi mwataka kumrudisha diploma? Watu watasema nini?"

Mwalimu hakubishana naye kuhusu heshima. Alileta karatasi mbili. Moja ilikuwa na digrii zilizochaguliwa, nauli, makazi ya mbali, na kazi zinazotokana nazo. Ya pili ilikuwa diploma ya uuguzi, na maelezo kwamba mwenye diploma anaweza kujiendeleza hadi digrii baadaye akiwa kazini. Kulikuwa pia na njia ya kati ambayo mwalimu aliiweka mezani kwa uaminifu ingawa hakuipendelea: ualimu wa Kiswahili na IRE, ambao binti alihitimu vizuri kuusomea na ambao shule za visiwani zinauhitaji.

Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akamgeukia binti: "Sema wewe, mwanangu. Ndiwe utakayesoma."

Akasema uuguzi. Ustadhi akaongeza kwamba kijiji kina walimu wa dini lakini hakina mwanamke wa kuwazalisha wanawake wenzake. Ami akakubali, kwa shingo upande.

Machaguo ya digrii yakaondolewa, na nafasi za KMTC zilipofunguliwa akaomba. Kutimiza masharti si ahadi ya nafasi. Uuguzi huombwa na wengi. Alipata. Karo ilipatikana vipande vipande: baba aliuza mashine ya boti, wahitimu wakachanga, basari ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) ikaja imechelewa, na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) ukafuata. Alianza masomo, na mpaka ninapoandika anaendelea.

Mvulana wa alama 51

Yeye alikuwa wa kwanza darasani. Hisabati C+, jambo lililowashangaza hata walimu wake. Alijaza fomu mwenyewe kwenye saiba (duka la intaneti) ya Amu, akachagua vyema, akapangiwa digrii aliyoitaka. Barua ilikuja.

Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu, uliotangazwa Mei 2023, unamtaka mwanafunzi ajaze taarifa za hali ya nyumbani ili apangiwe kiasi cha ufadhili na cha mkopo. Fomu ilitaka namba ya kitambulisho chake na cha mzazi. Alikuwa na miaka 19 na hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ameanza kukitafuta baada ya matokeo, na kwa jamii za visiwani hilo lilimaanisha kufika mbele ya kamati ya kuhakiki, wazee wa kutoa ushahidi, hati za babu, na safari za boti ambazo kila moja ni nauli ya kutafutwa. Siku ya kuripoti chuoni ilifika akiwa na karatasi ya kungojea kitambulisho. Baba yake hakuwa na uwezo wa kulipa hata sehemu ya karo bila mkopo. Kijana aliingia baharini na kaka yake, kutega kamba.

Vyuo vikuu humruhusu mwanafunzi aliyepangiwa nafasi kuomba kwa barua aahirishe kuanza masomo. Barua ya ukurasa mmoja ingeweza kumtunzia nafasi yake. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mpango ulikuwa umeisha Novemba. Kitambulisho kilitoka baadaye, na mwalimu mlezi sasa anamsaidia kutafuta njia ya kurudi.

Uchambuzi

Nianze na lililofaulu zaidi, maana linasahaulika. Bila kuhamia alfajiri na bila madrasa, binti huyu asingekuwa kwenye mpango. Mipango mingi hubuniwa mjini na watu wanaodhani mtoto hana muda kwa sababu hana bidii. Muda wa mtoto wa visiwani una wenyewe: una sala, una madrasa, una maji kujaa na kupwa, una kazi za nyumbani. Mwalimu mlezi aliuomba kwa wenyewe badala ya kuunyakua, na wenyewe wakampa pamoja na chumba.

La pili ni hesabu ya alama, ambayo inastahili kuangaliwa polepole. Hisabati ilipanda kutoka E hadi D. Mtu atasema D ni nini? Ni alama 3 badala ya 1. Angebaki na E, jumla yake ingekuwa 45, yaani C. Kemia nayo ilipanda kutoka D- hadi C-. Ingebaki D-, Kiingereza kingeshika nafasi yake kwa alama 4, jumla ingekuwa 46, na angepata C+ vilevile. Lakini uuguzi ungemkataa, kwa sababu hakuwa na Fizikia wala Hisabati ya kumwokoa. Somo moja lilibeba wastani, jingine likabeba kozi. Shule inayotazama wastani peke yake ingesema Kemia yake haikuongeza kitu cha maana. Kumbe ndiyo iliyomfikisha KMTC.

Na tazama zaidi: KMTC haikuhitaji C+ yake. Ilihitaji C. Ile nyongeza ambayo sote tulisherehekea ndiyo iliyoleta mabishano nyumbani na karibu impeleke kwenye digrii asiyoitaka. Sisemi alama ya juu ni hasara. Nasema familia ilipewa alama bila kupewa maana yake, na ami alifanya alichofanya kwa upendo na kwa habari alizokuwa nazo. Kikao kile cha nyumbani kilipaswa kufanyika mapema katika kidato cha nne, ami akiwemo. Katika jamii zetu anayelipa karo ana sauti, naye huwa mara nyingi hayupo kwenye mikutano ya wazazi. Yuko Mombasa, au Muskati, au baharini. Mpango wowote wa kuwaandaa watoto kwa chuo ambao haujamtafuta mtu huyo mapema utakutana naye Februari.

Kosa zito zaidi la mpango lilikuwa tarehe yake ya mwisho. Wafadhili hupenda kufadhili masomo kwa sababu matokeo yake huonekana kwa herufi. Hakuna herufi ya kitambulisho, wala ya fomu iliyojazwa vizuri, wala ya barua ya kuahirisha. Lakini kwa mvulana yule kila shilingi iliyotumika alfajiri zote zile ilikwama kwenye kitu ambacho nauli chache za boti, zikianzwa mapema, zingekimaliza. Mwalimu wa darasa alikwisha onyesha njia kwa vyeti vya kuzaliwa: alianza mapema, akakagua kila mmoja, na hakuna aliyekwama hapo. Kazi ile ile haikufanywa kwa kitambulisho kwa sababu shule iliona kitambulisho ni jambo la chifu na wazazi. Mwanafunzi anayetimiza miaka 18 akiwa kidato cha nne anapaswa kuianza safari hiyo mwezi anaoutimiza.

Kuhusu Kiingereza, kanuni mpya ilimwokoa binti kwenye wastani. Haitamwokoa darasani KMTC, ambako vitabu vyote ni vya Kiingereza. Muhula wake wa kwanza ulikuwa mgumu kwa sababu hiyo, na yeye mwenyewe amewaambia walimu wake. Walimu walifanya uchaguzi unaoeleweka, nguvu zilikuwa chache. Ila kumwandaa mtoto kwa chuo ni pamoja na kumwandaa kusoma kurasa thelathini usiku kwa lugha isiyo ya nyumbani.

Kilichobadilishwa

Mpango unaendelea, na bajeti yake sasa inafika Septemba ya mwaka unaofuata mtihani. Sehemu ya pesa za masomo imehamishiwa nauli za kwenda Amu kwa ajili ya vitambulisho na fomu. Mhitimu mmoja hulipwa posho ndogo kuanzia Januari hadi vyuo vifunguliwe, kazi yake ikiwa kuwafuatilia waliomaliza, mmoja mmoja, hata waliopata D, kwa kuwa vyuo vya ufundi vina nafasi zao. Kila mtahiniwa ana ukurasa mmoja wenye kozi anayoitaka, masharti yake, na jina na simu ya yule atakayelipa karo.

Uchaguzi wa masomo ndio unaotutia wasiwasi sasa. KCSE inaelekea mwisho; ya mwisho imepangwa 2027. Wanafunzi wa mfumo mpya wa elimu waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa wamechagua mkondo tangu Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Hata Hisabati imegawanywa, ya wanasayansi na ya wengine. Mlango uliomfungikia binti huyu mwisho wa kidato cha pili, kwa wadogo zake unafungika kabla hawajakanyaga shule ya upili. Kwa hivyo mwalimu mlezi ameanza kuyapeleka masharti ya kozi kwa wanafunzi wa Gredi ya 9, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na wazazi huitwa siku za maji mafu, wavuvi wengi wanapokuwa nyumbani.

Fizikia bado haina mwalimu wa kudumu. Pendekezo lililo mezani ni mwalimu mmoja ahudumie shule mbili za visiwa jirani, huku wahitimu wakigharimia boti yake, na ratiba zote mbili zipangwe kwa kufuata maji.